Ulipie Kozi ya GRE au Usome Mwenyewe?

Wahitimu wengi wanaotaka kwenda Marekani kusoma shahada ya uzamili au ya uzamivu huanza na swali moja: nijiunge na kozi gani ya kujiandaa na GRE, mtihani wa udahili wa masomo hayo? Swali hilo linakuja mapema mno. Kuna mengine matatu yanayopaswa kulitangulia. Je, programu ninazoomba zinautaka mtihani huu? Zinataka alama ngapi? Na mimi nikikalishwa kwenye mtihani leo hii, bila maandalizi, nitapata ngapi? Asiyeyajibu haya hana namna ya kujua kama kozi ya dola elfu moja itamfaa au itamla. Aliyeyajibu mara nyingi hahitaji tena ushauri wa mtu.

Namwandikia hasa msomaji wa Tanzania na Kenya mwenye shahada ya kwanza, anayefanya kazi au anayeitafuta, ambaye dola elfu moja kwake ni mishahara ya miezi kadhaa. Ada ya mtihani peke yake ni dola 220, yaani zaidi ya nusu milioni ya shilingi za Tanzania, na bado kuna ada za maombi ya vyuo, mtihani wa Kiingereza, pasipoti na viza. Kwa bajeti ya namna hiyo, fedha iliyoliwa na kozi isiyo ya lazima ndiyo iliyokuwa ilipie maombi ya chuo kingine, pengine kile ambacho kingekupokea.

Mtihani wenyewe unatakiwa?

Marekani anayeamua nani apokelewe kwenye uzamili na uzamivu kwa kawaida ni idara, si chuo kizima. Idara ya uchumi inaweza kudai GRE huku idara ya biolojia ya chuo hichohicho haitaki hata kuiona. Tangu mwaka 2020, vituo vya mitihani vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, idara nyingi ziliondoa sharti hilo, na nyingi kati yake hazijalirudisha. Vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya vinapodahili wanafunzi wa uzamili huangalia shahada yako ya kwanza na daraja lake. Vyuo vya Uingereza kwa sehemu kubwa ni hivyohivyo, isipokuwa baadhi ya kozi za uchumi, fedha na biashara.

Basi keti na orodha ya programu zako, fungua ukurasa wa udahili wa kila moja, uandike mbele ya jina lake neno moja kati ya matatu: lazima, hiari, au haipokelewi. Usitegemee maneno ya rafiki aliyeomba miaka mitatu iliyopita, kwa sababu masharti haya hubadilika kila msimu. Nimeona watu wakinunua kitabu, kisha kozi, kisha nafasi ya mtihani, ilhali programu zote walizozitaka zimeandika wazi kwamba hazitazami alama hizo.

Palipoandikwa "hiari" ndipo panapohitaji kufikiri. Maoni yangu ni haya: kama ulisoma katika chuo ambacho kamati ya udahili ya kule haikifahamu vizuri, alama ya juu ya hisabati ni ushahidi ambao kamati inaweza kuupima mara moja, hasa ukiomba uchumi, takwimu, uhandisi au sera za umma. Alama ya kati haikusaidii, na hulazimiki kuituma. ETS, taasisi inayoendesha GRE, inakuruhusu kuchagua matokeo ya siku ipi yapelekwe chuoni. Kwa hiyo penye hiari, lenga alama ya juu au uache kabisa, na muda wako uupeleke kwenye barua ya maelezo binafsi na kwenye kuwasiliana na wadhamini wa kitaaluma watakaokuandikia barua. Barua hiyo na zile za wadhamini husomwa katika kila ombi.

Anayeomba ufadhili wa Fulbright asikimbilie kulipa. Kwa kawaida walioteuliwa hulipiwa mitihani inayotakiwa, kwa hiyo soma kwanza tangazo la ubalozi wa Marekani katika nchi yako. Vilevile ipo EducationUSA, mtandao wa vituo vya ushauri ulio chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Ushauri wake ni wa bure, na katika baadhi ya nchi ina mpango wa kuwasaidia waombaji wenye uwezo mkubwa darasani lakini wasio na fedha za kugharimia maombi. Waulize kabla hujatoa hata shilingi.

Jipime kabla ya kulipa

Tuseme mtihani unatakiwa. Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ni bure.

Fungua akaunti kwenye tovuti ya ETS. Humo utakuta mitihani miwili kamili ya majaribio inayoitwa POWERPREP Online, ambayo haina malipo. Imetengenezwa na watu walewale wanaotunga GRE, ina sura ileile na saa ileile inayorudi nyuma pembeni mwa skrini. Chukua mmoja na uufanye kama mtihani halisi: asubuhi ya Jumamosi, mlango umefungwa, simu imezimwa, hakuna kusimama kwenda kuchukua chai. Wa pili uhifadhi. Utauhitaji wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe, nao ukishaufanya ukayajua maswali hauna tena thamani ya kukupima.

GRE ya sasa ni fupi. Tangu Septemba 2023 inachukua saa moja na dakika 58. Inaanza na insha moja ya dakika 30. Kisha vinakuja vipande viwili vya lugha, kimoja cha maswali 12 kwa dakika 18 na kingine cha maswali 15 kwa dakika 23. Na viwili vya hisabati, maswali 12 kwa dakika 21 na maswali 15 kwa dakika 26. Ukifanya vizuri kipande cha kwanza cha hisabati, cha pili kinakuwa kigumu zaidi na kinakufungulia alama za juu. Ukivuruga cha kwanza, cha pili kinakuwa rahisi, lakini dari ya alama yako imeshashuka. Lugha nayo iko hivyo. Hakuna adhabu ya kukosea, kwa hiyo swali lolote usilolijua usiliache wazi. Lugha na hisabati kila moja ina alama kuanzia 130 hadi 170, na insha kuanzia 0 hadi 6.

Ukishapata alama zako, ziweke pembeni mwa zile zinazotakiwa na programu zako. Idara nyingi hutaja wastani wa alama za waliopokelewa, au hueleza katika majibu ya maswali ya kawaida. Zisipotaja, mwandikie barua pepe fupi mratibu wa udahili umuulize. Hapo una namba mbili, ulipo na unapotakiwa kufika, na tofauti yake ndiyo itakayoamua mambo mengi.

Tofauti ikiwa ya pointi mbili au tatu kwa sehemu, kozi haina kazi ya kufanya kwako. Mtu yuleyule akifanya GRE mara mbili bila kujifunza chochote katikati, alama zake zinaweza kupishana kwa pointi mbili hivi, kwa sababu hakuna mtihani unaopima kwa usahihi kamili. Kuzoea umbo la maswali na kugawa muda vizuri kunatosha kuziba pengo dogo kama hilo. Tofauti ikiwa ya pointi tano hadi nane, unaweza kuiziba kwa kusoma mwenyewe miezi miwili au mitatu, ukiwa na nidhamu. Ikizidi kumi, usikimbilie kuandika jina kwenye kozi. Tafuta kwanza sababu yake, maana hisabati na lugha haziponi kwa dawa moja.

Hisabati inarudi, Kiingereza kinakua taratibu

Hisabati ya GRE haivuki kiwango cha sekondari: hesabu za kawaida, uwiano na asilimia, aljebra, jiometri, takwimu na uwezekano. Hakuna trigonometria wala kalkulasi. Aliyemaliza kidato cha nne Tanzania au Kenya ameshakutana na karibu yote. Shida ni umbali. Aliyesoma HKL au HGL, michepuo isiyo na hisabati, kidato cha tano na sita Tanzania, akaenda kuchukua sheria au sosholojia, ameachana na aljebra muda mrefu. Mwenzake wa PCM au EGM, michepuo yenye hisabati, bado anayo mikononi. Hawa wawili hawahitaji maandalizi ya aina moja, na kozi inayowaweka darasa moja itampotezea muda mmoja wao.

Ugumu wa hisabati hii uko kwenye mitego. Chukua mfano mdogo wa aina ya maswali ya kulinganisha. Umeambiwa kwamba x mara x ni 16. Kiasi A ni x, kiasi B ni 4. Kipi ni kikubwa? Mtu mwenye haraka anajibu kwamba vinalingana. Lakini x inaweza kuwa 4 na inaweza kuwa hasi 4, kwa hiyo jibu sahihi ni kwamba haiwezekani kujua. Hakuna mwalimu anayehitajika kukufundisha kwamba hasi mara hasi ni chanya, ulifundishwa zamani. Kinachohitajika ni kukutana na maswali kama hayo mia mbili au tatu mpaka mkono wenyewe uzoee kusita na kujiuliza: vipi ikiwa ni hasi? Vipi ikiwa ni sifuri? Vipi ikiwa ni sehemu?

Mazoezi ya namna hiyo yanapatikana bila malipo. ETS imeweka kwenye tovuti yake kitabu kizima cha marejeo ya hisabati, na imeonyesha ni masomo yapi ya video ya Khan Academy yanayolingana na kila mada. Mtu aliyekuwa akipata C ya hisabati kidato cha nne na yuko tayari kukaa nayo saa moja kila jioni ataona mabadiliko ndani ya wiki nane. Kama hisabati ilikuwa inakukimbia tangu shule, ukafeli kidato cha pili na cha nne, video hazitakutosha. Unahitaji mtu wa kukaa nawe, aone unapokosea. Mtu huyo si lazima awe wa kampuni ya Marekani. Mwalimu mzuri wa hisabati wa sekondari iliyo jirani nawe, ukimlipa kwa saa na kumpa maswali ya ETS, atakufaa kuliko kozi ya watu mia kwenye skrini.

Lugha ni habari nyingine, na hapa naomba uwe mkweli kwa nafsi yako. Sehemu ya lugha inapima ufahamu wa aya nzito za kitaaluma na misamiati ambayo haipatikani kwenye mazungumzo ya ofisini wala kwenye vitabu vingi vya kiada. Kuna swali la kuchagua maneno mawili kati ya sita yanayoipa sentensi maana ileile. Kuna la kujaza nafasi tatu katika aya moja, ambapo ukipata mbili na kukosa moja umekosa swali zima. Na kuna mtego unaowanasa hasa sisi tuliojifunza Kiingereza darasani: maneno tunayoyafahamu tangu zamani yanayotumika kwa maana ya pili. "Qualify" tunaijua kama kufuzu. Kwenye GRE mara nyingi ni kuiwekea kauli mipaka. "Check" si kukagua tu, ni pia kuzuia.

Hakuna kozi ya wiki sita inayoweza kukupa Kiingereza cha miaka sita. Kozi itakupa orodha ya maneno na mbinu ya kutafuta kiungo cha sentensi kinachogeuza maana, na mbinu hiyo ni ya kweli na inasaidia. Ila utaijifunza kwa siku mbili. Kinachobaki ni kusoma, kila siku, maandishi ya aina ileile: makala ndefu za sayansi, historia, sanaa na falsafa. Majarida ya Aeon na Smithsonian yanasomeka bure mtandaoni. Nusu saa kila siku, ukiwa na daftari la maneno pembeni, na mwisho wa kila makala ujieleze kwa sentensi mbili za Kiswahili mwandishi alikuwa anabishana na nani na kwa hoja ipi. Ukishindwa kusema, hukuelewa, rudia. Anayetaka kuomba mwaka kesho aanze zoezi hili leo, hata kabla hajaamua kama atafanya GRE, kwa sababu litamsaidia pia darasani atakapofika.

Kama pengo lako la lugha ni la pointi kumi na maombi yanafungwa baada ya miezi miwili, kozi haitakuokoa. Ni heri uchague programu zisizodai mtihani, au usogeze maombi msimu mmoja mbele. Najua ni maneno mazito kumwambia mtu mwenye hamu, lakini wauzaji wa kozi hawatakuambia.

Kozi inauza nini hasa

Biashara hii si mpya. Stanley Kaplan alianza kufundisha wanafunzi nyumbani kwao Brooklyn, New York, mwaka 1938, na kampuni yenye jina lake bado ipo. The Princeton Review ilianzishwa 1981, na licha ya jina hilo haina uhusiano na Chuo Kikuu cha Princeton. Tangu hapo zimezaliwa nyingine nyingi: kozi za moja kwa moja zenye mwalimu na ratiba, ambazo hupita dola elfu moja, video zilizorekodiwa kwa dola mia moja au mia mbili hivi, huduma za kulipia mwezi hadi mwezi kwa bei ya chini zaidi, na walimu binafsi wanaotoza kwa saa.

Matangazo yao huonyesha mwanafunzi aliyeanza na alama fulani akamaliza na nyingine iliyo juu sana. Tuseme ni kweli. Bado mlinganisho huo una kasoro, kwa sababu alama ya kwanza ni ya mtu ambaye hajawahi kuuona mtihani, na ya mwisho ni ya mtu aliyefanya mazoezi kwa saa mia moja. Saa mia moja zinampandisha yeyote, awe amezilipia au hakuzilipia. Ulinganisho wenye maana ni kati ya wewe uliyesoma na kozi na wewe uliyesoma saa zilezile peke yako. Watafiti waliojaribu kulinganisha hivyo kwenye SAT, mtihani wa kuingilia shahada ya kwanza Marekani, walikuta tofauti ndogo. Mwaka 2009 NACAC, chama cha washauri wa udahili wa nchi hiyo, kilichapisha tathmini ya mtafiti Derek Briggs iliyoonyesha kwamba kozi ziliongeza wastani wa pointi 30 hivi katika mtihani wenye jumla ya 1600, mbali sana na mia na zaidi zilizokuwa zikitangazwa. GRE ni mtihani mwingine, lakini sioni sababu ya kuamini kwamba wauzaji wake wana muujiza ambao wale wa SAT hawakuwa nao.

Kozi nzuri ina thamani yake hata hivyo. Inakupa ratiba na mtu wa kumjibu. Inakupangia mada kwa utaratibu ili usipoteze wiki ukijiuliza uanzie wapi. Ina mtu wa kusoma insha yako na kukuambia hoja yako inayumba wapi. Haina siri yoyote ya mtihani, maana ETS yenyewe imeweka hadharani mifano ya kila aina ya swali, na hata orodha nzima ya mada ambazo swali la insha litachotwa humo. Kwa hiyo unapolipia kozi, unalipia nidhamu na uangalizi. Jiulize kama umepungukiwa na vitu hivyo.

Hebu tazama rekodi yako. Umewahi kusoma jambo gumu peke yako, bila mwalimu kukusukuma, ukalimaliza? Waliofanya mitihani ya bodi ya uhasibu huku wakienda kazini, waliojifunza kuandika programu za kompyuta kwa video, waliorudia kidato cha sita kama watahiniwa binafsi wakafaulu: hawa wana ushahidi tayari, na kozi ghali si yao. Lakini kama una kazi inayokurudisha nyumbani saa mbili usiku, watoto wawili, na historia ya kununua vitabu usivyovifungua, basi ratiba ya mtu mwingine inaweza kuwa ndicho kitu pekee kitakachokukalisha chini. Kulipia hilo si aibu. Anza tu na kilicho cha bei ndogo: huduma ya mwezi mmoja, au kundi la watu watatu wanne mnaojiandaa pamoja na kukutana kila Jumamosi na maswali mliyoyakosa. Ukiona hata hilo halikusukumi, hapo fikiria kozi yenye mwalimu.

Ukiamua kulipa, kagua hivi

Uliza kwanza kama mafunzo yao ni ya GRE ya sasa. Kabla ya Septemba 2023 mtihani ulikuwa na insha mbili, moja ikiwa ya kuchambua hoja ya mtu mwingine. Hiyo imeondolewa. Kozi inayokufundisha bado kuiandika, au inayokuambia mtihani unakaribia saa nne, inakuuzia masomo ya zamani. Kwa GMAT, mtihani unaopendwa na shule za biashara, kipimo ni kilekile: toleo jipya lilianza Novemba 2023, na la zamani lilisitishwa mwanzoni mwa 2024. Halina tena insha, halina jiometri, halina yale maswali ya kusahihisha sarufi. Lina sehemu tatu za dakika 45 kila moja, na alama zake ni kuanzia 205 hadi 805. Shule nyingi za biashara hupokea GRE au GMAT, uchague mwenyewe. Kwenye GMAT kikokotoo hakiruhusiwi katika sehemu ya hisabati, jambo lisilomtisha Mtanzania aliyefanya hisabati ya kidato cha nne kwa kitabu cha majedwali.

Pili, saa za vipindi. Kipindi kinachoanza saa moja jioni New York kinakuwa saa nane usiku Dar es Salaam na Nairobi, na majira ya baridi ya kule kinakuwa saa tisa usiku. Watu hulipa, wakahudhuria wiki ya kwanza, kisha wakabaki kuangalia marekodi. Kama utaishia kwenye marekodi, nunua marekodi, bei yake ni ndogo.

Tatu, ahadi ya kurudishiwa fedha alama isipopanda. Soma masharti yake yote. Kwa kawaida unatakiwa uwe umehudhuria kila kipindi, umefanya kila zoezi na kila mtihani wa majaribio, na umetoa matokeo rasmi ya kuanzia. Mara nyingi unachopewa ni nafasi ya kurudia kozi, si fedha yako.

Nne, yeyote anayekuambia ana maswali halisi ya mtihani ujao, mkimbie. Ama anakudanganya, ama anakuuzia mali ya wizi. Mwaka 2008 GMAC, wenye GMAT, walishinda kesi dhidi ya tovuti ya ScoreTop iliyokuwa ikisambaza maswali halisi, na baadhi ya watumiaji wake wakafutiwa alama zao. Kufutiwa alama huku vyuo vikiarifiwa ni jambo linaloweza kumfungia mtu milango aliyoihangaikia miaka.

Tano, omba kipindi kimoja cha majaribio kabla ya kulipa. Uangalie jambo moja tu: mwanafunzi akikosa, mwalimu anamweleza jibu sahihi ni lipi, au anamuuliza alifikirije mpaka akafika kwenye jibu baya? Wa pili ndiye wa kulipwa.

Ukiamua kusoma mwenyewe

Utahitaji wiki nane hadi kumi na mbili, maswali ya ETS yenyewe kuliko ya kampuni nyingine, na daftari la makosa. Daftari hilo lina kazi kubwa kuliko kitabu chochote. Kila swali ulilokosa liandike, na mbele yake uandike kwa sentensi moja kwa nini ulikosa: sikujua kanuni, nilisoma haraka, sikulijua neno, muda uliniishia. Baada ya wiki tatu litakuambia lenyewe usome nini. Wengi hugundua kwamba nusu ya makosa yao hayatokani na kutojua, yanatokana na haraka, na haraka hutibiwa kwa kufanya maswali machache kwa utulivu, si kwa kuongeza mengine mia.

Panga tarehe ukirudi nyuma kutoka kwenye siku ya mwisho ya maombi, ambayo kwa programu nyingi za uzamivu Marekani ni Desemba. Matokeo rasmi hutoka siku 8 hadi 10 baada ya mtihani. Ukitaka kurudia, lazima zipite siku 21, na huruhusiwi zaidi ya mara tano katika miezi 12. Kwa hiyo anayeufanya mwishoni mwa Septemba ana nafasi ya kurudia kwa utulivu, na anayeufanya Novemba mwishoni hana. Alama hudumu miaka mitano, kwa hiyo mwenye nafasi mwaka huu anaweza kuufanya sasa na kuomba baadaye.

Kuhusu kuufanyia mtihani nyumbani, inaruhusiwa, lakini lazima uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, msimamizi anakuona kwa kamera muda wote, na huandiki kwenye karatasi ya kawaida bali kwenye ubao mdogo mweupe au karatasi iliyo ndani ya mfuko wa plastiki unaofutika. Kama umeme wa mtaa wako hukatika na intaneti yako ni ya simu, nenda kituoni hata kama ni safari ya kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam. Nauli ya basi ni ndogo kuliko dola 220.

Kozi hazijazi nafasi zikafungwa kesho, hata kama tangazo linasema punguzo la bei linaisha usiku wa leo. Jumamosi hii fanya ule mtihani wa kwanza wa bure, uandike alama zako kwenye karatasi pamoja na zile zinazotakiwa na programu zako, kisha ndipo ufungue ukurasa wa malipo wa mtu yeyote.